Tanga kwa Saa za Maji

Alhamisi

Basi lililotutoa stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri lilifika Segera kabla ya adhuhuri, likaiacha barabara iendayo Moshi na Arusha na kukata kulia kuelekea Muheza. Kuanzia hapo hali ya hewa ilibadilika. Joto likawa la unyevu, wauza machungwa wakawa wanayainua mafungu yao hadi usawa wa madirisha ya basi, na mistari ya mkonge ikaanza kupita pembeni mmoja baada ya mwingine. Mimi na mdogo wangu tuliteremka Kange, ambayo ndiyo stendi kuu ya mabasi ya Tanga, tukachukua bajaji hadi Ngamiani, kwenye mtaa wa zile barabara zinazoitwa kwa namba, anakoishi mama yetu mdogo.

Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hatujauliza lolote, mama alitutazama mifuko yetu akajua tumekuja kutafuta bahari. "Leo mwezi kumi na nne," alisema huku akitumiminia chai. "Bamvua hiyo, wanangu. Kama mnataka kuogelea, nendeni sasa hivi mrudi magharibi. Kesho asubuhi mtakuta matope na kaa."

Anayekuja Tanga kwa ajili ya bahari anapaswa kulielewa jambo hilo kabla hajafikiri habari ya hoteli. Katika pwani hii maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya muda unaozidi kidogo siku moja. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwa kuwa ukanda wa karibu na mji una miteremko ya taratibu na mikoko mingi, bahari iliyokuwa ukingoni alasiri huonekana asubuhi ikiwa imerudi mbali sana. Siku hizo maji hujaa tele mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa nusu saa hadi karibu saa nzima. Wiki moja baadaye huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na saa zake huwa zimegeuka, kiasi kwamba maji mengi hupatikana asubuhi. Wenyeji hawahitaji kuyasoma haya popote, kwa sababu tarehe ya mwezi wa Kiislamu wanaijua tangu wanapoamka.

Jioni hiyo hatukwenda kuogelea. Tulitembea hadi Bustani ya Jamhuri, juu ya bandari, tukakaa tukiyatazama maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko ya Kisiwa cha Toten, ambacho kipo mkabala na mji na kina magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Kwa muda mrefu meli kubwa zilikuwa zikitia nanga katikati ya ghuba na mizigo ikaletwa nchi kavu kwa matishari, kwa kuwa gati lilikuwa na kina kidogo. Sasa pamechimbwa hadi kufikia mita 13, na meli inafunga gatini bila kujali maji yamejaa au yamekupwa. Nadhani katika mji mzima bandari hiyo peke yake ndiyo iliyojinasua katika amri ya mwezi.

Ijumaa

Asubuhi na mapema tulikwenda Deep Sea, soko la samaki lililo kando ya bandari. Anayetaka kuuona mji ukiwa hai asisubiri jua lipande, kwa sababu kufikia saa tatu shughuli kubwa huwa imekwisha. Vyombo vilikuwa vimeingia na maji ya alfajiri: ngalawa, mashua na mitumbwi, vyote vikiwa vimeelekeza omo ufukweni huku maji yakianza kuviacha. Wachukuzi walikuwa wakishuka hadi kiunoni na kupanda na matenga kichwani, dalali akiita bei kwa sauti isiyopumua, na wanawake wanaokaanga samaki wakichagua vibua na changu kwa kuwabonyeza tumboni kwa kidole gumba na kuwafunua mashavu waone kama bado ni mekundu. Mmoja wao alimrudisha nguru aliyekuwa amenadiwa kwa sifa nyingi, akasema bila kumtazama muuzaji, "Huyu alilala njiani, mwanangu," na watu wote waliokuwa karibu wakacheka, akiwemo muuzaji mwenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife, ule wavu wa matundu makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa, alitueleza habari za silikanti. Samaki huyo alidhaniwa kuwa alitoweka duniani yapata miaka milioni 65 iliyopita, hadi alipopatikana mmoja akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Na kuanzia mwaka 2003 majarife yanayotegwa kwenye maji marefu ya Tanga yalianza kuwaleta juu, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 eneo hili la bahari, kuanzia kaskazini ya Pangani hadi mji wa Tanga, lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari kwa jina la samaki huyo. "Kuliwa haliwi," mzee alisema, "ana mafuta, anaendesha tumbo. Sisi tulikuwa tukimtupa." Kisha, bila sisi kumuuliza, akageukia uvuvi wa baruti, ambao kwa miaka mingi ulivunja miamba ya matumbawe ya pwani hii, na hapo sauti yake ikabadilika kabisa. Anayerusha bomu, alisema, anavua leo samaki wa mjukuu wake.

Mnamo saa nne tulipita Raskazone, rasi ambako watu wa mji huogelea, kwa makusudi, ili kuona kile tulichoambiwa. Bahari ilikuwa imeondoka kweli. Ulibaki uwanja mpana wa mchanga mweusi, majani ya baharini na madimbwi, na juu yake wanawake wameinama wakichokoa pweza kwa vyuma vyembamba na kuokota chaza, khanga zimefungwa hadi magotini. Wageni wawili kutoka bara walikuwa wamesimama kwenye ngazi za nyumba ya wageni ambayo sitaitaja, wakilalamika kwamba kwenye picha waliyotumiwa palikuwa na maji ya bluu hadi mlangoni. Picha haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya saa kumi. Mwenye nyumba angeandika saa hizo chini ya picha, asingepata hasara yoyote, na wale watu wasingeipoteza asubuhi yao.

Mchana maduka yalifungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa, na mji ukatulia hadi alasiri. Ndipo watu walipoanza kuelekea Raskazone kutoka kila upande, wengi wao kwa baiskeli, kwani Tanga bado ni mji wa baiskeli kuliko miji mingi ya nchi hii: baba anaendesha, mtoto amekaa kwenye bomba, mama nyuma amekaa upande na kijora chake amekikusanya kwa mkono. Rasi hii ina klabu ya kuogelea yenye ngazi zinazoteremka moja kwa moja hadi kwenye maji marefu, na kwa kiingilio kidogo mtu hupata mahali pa kubadilishia nguo na kivuli cha mti. Vijana walikuwa wakiruka kutoka kwenye ukuta kwa zamu, kila mmoja akijaribu kumwagia maji mengi zaidi waliokaa. Wasichana waliokuwa wamevaa mabaibui yao waliingia majini hadi mabegani, wakashikana mikono na kupiga kelele kila wimbi lilipokuja, ijapokuwa katika ghuba hiyo hakuna wimbi la kutisha. Maji yalikuwa na uvuguvugu na chumvi kali. Muuza mihogo alipita na sinia lake, kisha akaja wa embe mbichi za pilipili na chumvi, kisha wa madafu, na kwa muda wa saa mbili hivi sijaona mahali pengine pwani penye furaha isiyo na gharama kama pale.

Ni hapohapo kwenye rasi, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakitarajia kuutwaa mji huu uliokuwa ukilindwa na jeshi la Wajerumani la watu karibu 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Mapigano yalipopamba moto, makundi ya nyuki yaliyosumbuliwa mizingani yalizishambulia pande zote mbili, na Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi. Kijana aliyetuhadithia habari hiyo pembeni ya ngazi alimalizia kwa kusema kwamba nyuki wa Tanga hawapendi wageni wasiobisha hodi.

Usiku ulikuwa wa Ngamiani. Mtu aliyezoea miji ya ufukweni ambako raha huanza na kuishia hotelini atashangaa kwamba hapa raha hurudi mitaani mara tu jua linapozama. Majiko ya mishikaki yalifuka moshi kwenye kona, wazee wakakaa barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu na vipande vya kashata, bao likalia, na redio ya fundi cherehani mmoja ikapiga taarabu ya zamani. Mji huu ulitoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambavyo katika miaka ya 1960 na 1970 viliichukua taarabu na kuitia gitaa na mdundo wa kucheza, na mpaka leo mwanamke wa makamo akisikia vile vinanda husimama, akautikisa mkono wa kulia taratibu, kisha akaendelea na safari yake. Mama mdogo naye alisimama hivyohivyo. Tulipomtania, alitujibu kwamba sisi tumezaliwa baada ya mambo mazuri kwisha.

Jumamosi

Kwa kuwa bahari isingefaa hadi alasiri, saa za maji kupwa tulizipeleka kwenye mapango ya Amboni. Mapango hayo yako umbali wa kama kilomita 8 kaskazini ya mji, karibu na barabara iendayo Horohoro na Mombasa, ng'ambo ya mto Mkulumuzi, katika mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari zama za Jurasiki. Yako zaidi ya moja, ila wageni hupelekwa katika pango moja. Mwongozaji aliwasha tochi, akatupitisha kwenye mapenyo ambayo mtu mnene lazima abane pumzi, huku akituonyesha mawe yaliyofanana na meli, mamba na sofa. Popo walikuwa wakipita juu ya vichwa vyetu. Katika chumba kimoja tulikuta vitambaa vyekundu na vyeupe, chupa za marashi na sarafu, kwani pango hilo pia ni mzimu, na wapo wanaokuja kuomba mtoto au kuondolewa mkosi.

Waongozaji hupenda kusimulia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950 na kujificha humo, na nilizisikiliza kwa hamu. Habari ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea karibu na Kilimanjaro nilimwachia mwenyewe, ingawa niliona inasimuliwa kwa ustadi unaostahili bakshishi.

Alasiri tulichukua gari kuelekea Pangani, kama kilomita 50 kusini. Njiani tuliteremka Tongoni, ambako nyuma ya kijiji kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yakiwa na nguzo zilizoanguka na kulala kama vigogo. Kwenye nguzo zilizobaki huonekana mashimo ya duara ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo, navyo vimekwisha kung'olewa. Maji yalikuwa yakijaa, yakapenya baina ya mikoko hadi karibu na makaburi yenyewe. Ukiyatazama mahali hapo unaelewa kwa nini mji ulikuwa hapo, kwa maana chombo kiliweza kuingia na maji, kikapakua kikiwa kimekaa kwenye mchanga, na kutoka na maji yaliyofuata. Mwaka 1499, alipokuwa akirudi kutoka India, Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael karibu na pwani hii, kwa sababu hakuwa na mabaharia wa kutosha kuziendesha zote.

Pangani tulifika jua likiwa limeinama. Mji huo una majumba ya zamani yenye milango mizito na mengine yameacha paa zake zianguke, na Wajerumani walimnyonga hapo Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya vita alivyoviongoza kuanzia pwani hii hadi Bagamoyo. Tulivuka mto kwa kivuko kwenda Bweni pamoja na pikipiki, mbuzi, magunia ya nazi na harusi iliyokuwa ikipiga vigelegele tangu ng'ambo. Upande huo wa kusini, huko Kikogwe, ndiko mkonge ulikoanzia: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba tuliyoyaona tangu Segera. Giza lilitukuta Ushongo.

Jumapili

Ushongo ni ufukwe wa aina ambayo watu huiweka kwenye kalenda: mchanga mweupe, minazi iliyoinamia bahari, vibanda vya makuti vya kulaza wageni, na utulivu mwingi. Nakiri ni pazuri, lakini ikiwa mtu anataka uchangamfu, hapa hautapata, maana watu wa hoteli wanazungumza kwa kunong'ona na saa tatu usiku kila mtu ameshalala. Wanaokuja kupumzisha kichwa wataridhika.

Sisi tulifuata kisiwa cha Maziwe. Nahodha alikuwa ametuambia tuwe tayari saa nne, na alipotuona tunafika mapema akacheka. "Kisiwa hakijaamka, yakhe," alimwambia mdogo wangu. Hakuwa akitania. Maziwe ilikuwa na mivinje na majani hadi mmomonyoko ulipoila, na kufikia mwaka 1982 hapakubaki mti hata mmoja. Sasa ni fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika lote na kulirudisha tena yanapopwa. Tulipoondoka ufukweni hapakuwa na kitu mbele yetu isipokuwa maji. Baadaye ulitokea mstari wa rangi hafifu, kisha mgongo mweupe, na tulipoweka nanga kilikuwa kisiwa kamili chenye ndege wa baharini waliopanga mstari upande wa upepo.

Ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, na kiingilio hulipwa kabla ya kwenda. Nahodha alifunga turubai kwenye makasia manne ili tupate kivuli, akatupa miwani na mirija, akatuonya tusiyakanyage matumbawe. Nilitumbukiza uso, na chini yangu, katika kina cha kama urefu wa mtu, lilikuwepo tumbawe la mviringo lenye mikunjo, na kwenye ufa wake mmoja samaki mdogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe alikuwa akitoka na kuingia katika mashada laini yaliyoyumbayumba. Nilipomkaribia hakukimbia. Alitoka kidogo zaidi, akanitazama kwa upande, akarudi. Mdogo wangu, ambaye alikuwa akiogopa maji marefu tangu utotoni, hakutaka kutoka hadi alipoitwa mara ya tatu.

Kasa hutaga katika fungu hilo, na kwa kuwa mayai yangezama maji yakijaa, walinzi huyachimbua kwa uangalifu na kuyahamishia kwenye mchanga wa Ushongo hadi yatakapoanguliwa. Nahodha alituonyesha kwa kidole mahali ambapo baba yake alikuwa akianika samaki chini ya mivinje. Palikuwa maji matupu. Kufikia saa nane alikuwa ameanza kuangalia kingo za mchanga, na bila maneno mengi akaanza kufungua turubai. Tulipokuwa nusu ya njia niligeuka, na fungu lilikuwa limebaki robo.

Jumatatu

Kivuko cha asubuhi kilijaa wanafunzi na matenga ya samaki, na juu ya mto ujenzi wa daraja ulikuwa ukiendelea. Likikamilika, barabara ya pwani kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Tanga itawaleta wageni wengi zaidi kuliko sasa, na sijui kama Ushongo itaweza kuendelea kunong'ona.

Mchana tulikuwa Tanga, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama mdogo, tukaagwa kwa chupa ya achari ya ndimu na maelekezo mengi. Nikiwa Kange nasubiri basi, mwenzangu wa kazini alinipigia simu kuuliza kama mji huu unafaa kwa likizo ya watoto wake wadogo, ambao kwa kawaida huoga asubuhi na kulala mchana. Nilimwambia aje kati ya tarehe saba na tisa za mwezi wa Kiislamu, kwenye maji mafu, apate maji ya asubuhi pale Raskazone yasiyo na mkondo mkali. Na Maziwe aiache hadi watoto wakue, kisha waiendee kwenye bamvua, wakati kisiwa kinapoibuka adhuhuri. Akauliza mwezi huu tuko ngapi. Nilimjibu kumi na nane, naye akasema atamuuliza mkewe.